Stika Ni ya Nani? Historia Fupi ya Bima ya Matatu Kenya

Askari wa trafiki akisimamisha matatu pale Mumias, macho yake yanatafuta ile karatasi kwenye kona ya kioo cha mbele. Tarehe iko sawa? Namba ya gari inalingana? Haya, endeleeni. Kuna swali moja ambalo haulizi, na tusimlaumu, kwa sababu si kazi yake: je, kampuni iliyoandikwa kwenye stika hii ina pesa?

Swali hilo ni kazi ya mtu mwingine, aliyekaa ofisini Nairobi. Ukiifuata historia ya bima ya matatu Kenya, kutoka enzi ya mkoloni hadi juzi, utaona mtu huyo amekuwa akiuliza swali lake kwa kuchelewa. Na kila akichelewa, kuna nyumba fulani mbali na Nairobi inayouza ng'ombe.

Mimi naandikia Ekero, soko letu nje kidogo ya Mumias. Hapa bima si mada ya kupigia stori kwenye steji. Wanaosubiri abiria wanaongea mafuta, kanju ya polisi, na bei ya spea. Hata chuoni, kwa mihula michache niliyosoma kabla karo haijanishinda, hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba kila ukilipa nauli unalipia pia ahadi. Kwa hivyo wacha tuanze na hiyo ahadi.

Bima isiyo ya mwenyewe

Stika ya matatu hailindi matatu. Gari likiungua au kuibwa, hiyo ni bima nyingine kabisa, na mwenye gari anainunua akitaka. Stika inayodaiwa na sheria inamlinda mtu asiyeinunua: abiria aliye ndani, mama anayevuka barabara, mtoto wa shule anayetembea kando ya lami. Sheria inamwambia mwenye gari: huwezi kuingia barabarani bila mtu wa kulipa ukiumiza wenzako.

Wazo hilo lilitoka Uingereza, ambako bima ya namna hii ililazimishwa na Sheria ya Barabara ya mwaka wa 1930. Magari yalikuwa yameongezeka, watu walikuwa wanagongwa, na waliogongwa walishinda kesi dhidi ya madereva wasiokuwa na hata senti. Kenya ikaletewa sheria kama hiyo miaka ya 1940. Ndiyo hii mawakili wanaiita Cap 405 mpaka leo.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka wa 1946 kampuni za bima za Uingereza zilikubaliana na serikali yao kuunda Motor Insurers' Bureau, chombo cha kulipa mtu aliyeshinda kesi ya ajali lakini akakosa mlipaji. Pengine gari halikuwa na bima, pengine bima yenyewe ilikuwa bure. Kampuni zote zinachanga, aliyeumia analipwa. Waingereza waligundua mapema kwamba kumlazimisha dereva anunue ahadi hakutoshi kama hakuna wa kuishikilia ahadi hiyo inapovunjika.

Kenya ilipata nusu ya kwanza tu. Sheria ilivuka bahari, ule mfuko ukabaki kwao.

Amri ya 1973

Miaka ya mwanzo, pengo hilo halikuonekana sana. Magari yalikuwa machache na wenye mabasi walikuwa kampuni kubwa zinazojulikana. Kisha matatu zikaja. Jina lenyewe linatokana na shilingi ya zamani: senti 10 tatu, yaani nauli ya senti 30. Zilianza kama gari za wizi-wizi, zikikimbizana na askari kwa sababu hazikuwa na leseni ya kubeba abiria. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kuziruhusu zifanye kazi bila leseni hiyo.

Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mtu wa kawaida angeweza kuuza shamba kidogo, kununua gari moja, na kuingia biashara. Lakini usafiri wa umma sasa uligawanyika kwa maelfu ya wenye gari moja-moja. Kampuni ya mabasi ikisababisha ajali, ina gereji, ina ofisi, ina mali ya kukamatwa. Mwenye Nissan moja ana Nissan moja, na mara nyingi ndiyo hiyo imelala mtaroni. Kwa hivyo kadiri matatu zilivyoongezeka, ndivyo aliyeumia alivyozidi kutegemea kitu kimoja tu: ile kampuni kwenye stika.

Na ni nani aliyekuwa anaziangalia kampuni hizo? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima mwaka wa 1984, ikaanza kutumika Januari 1987, na ikaweka Kamishna wa Bima. Ofisi yake ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Fedha. Hata kampuni ya serikali yenyewe, Kenya National Assurance, iliyoundwa mwaka wa 1964 mara tu baada ya uhuru, ilianguka mwaka wa 1996 chini ya macho ya serikali hiyo hiyo. Kama mwenye nyumba ameshindwa kuona paa lake likivuja, mpangaji atarajie nini?

Jinsi kampuni ya bima inavyokufa

Kibanda cha mboga kikifa unakiona. Mboga zimeisha, mama haji. Kampuni ya bima hufa tofauti. Inaweza kuwa imekufa miaka mitatu iliyopita na bado inauza stika leo asubuhi.

Tupige hesabu, na hizi ni namba za mfano tu. Kampuni inatoza matatu shilingi 10,000 kwa mwezi. Mwaka ukiisha ina 120,000 kutoka kwa gari hilo. Gari linapata ajali, abiria mmoja anavunjika mguu, korti inampa 800,000. Ili kulipa mguu huo mmoja, kampuni inahitaji pesa za magari karibu saba kwa mwaka mzima, kabla hata haijalipa kodi ya nyumba, mishahara na ajenti. Na kwenye gari la watu 14, ni nadra mguu kuwa mmoja.

Lakini pesa za stika zinaingia leo. Aliyeumia ana miaka mitatu ya kufungua kesi, na kesi nayo ina miaka yake. Katikati hapo, pesa za watu walioumia zimekaa kwenye akaunti ya kampuni zikionekana kama faida. Mkurugenzi mwenye nidhamu anaziweka kando kama akiba ya madai. Asiye na nidhamu anajenga nyumba, anashusha bei ya stika ili avute magari mengi zaidi, na kulipa madai ya jana kwa stika za kesho. Mchezo huo unaendelea mradi magari mapya yanaingia. Siku yanapopungua, kwisha.

Kampuni kubwa ziliiona hesabu hii mapema, zikaanza kukataa matatu. Hapa ndipo kasoro kubwa ya Cap 405 ilipo: inamlazimisha mwenye matatu kununua, lakini haimlazimishi yeyote kumuuzia. Soko likaachiwa kampuni chache zinazoishi kwa PSV karibu tupu. Kampuni yenye bima za moto, mizigo, maisha na magari ya kibinafsi ikipata hasara kwenye matatu, inajifuta jasho kwa faida ya kule kwingine. Inayotegemea matatu pekee haina kule kwingine.

Basi zikaanza kuanguka. Access, Stallion na Lakestar: wazee wa matatu wanayakumbuka majina haya kama watu wanavyokumbuka marehemu wa kijijini. Julai 2005 ikawa zamu ya United, iliyokuwa imebeba PSV nyingi sana. Standard ikafuata mwaka wa 2009. Blue Shield, Septemba 2011. Concord, 2013. Invesco ilianguka mwaka wa 2008, ikafufuliwa, ikarudi barabarani, na tutakutana nayo tena.

Kuna jambo la kushangaza kwenye tarehe hizi. Februari 2004 ndipo sheria za waziri John Michuki zilipoanza: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, sare za dereva na konda. Nchi nzima ilisimama siku zile, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na hadi leo tukitaka kusifu waziri tunamtaja yeye. Serikali ililikagua gari kutoka tairi hadi paa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, kampuni iliyokuwa imeandikwa kwenye vioo vya magari mengi yaliyokaguliwa ikaanguka. Gari lilikuwa na mkanda, ahadi ndiyo haikuwa nao.

Safari ya hukumu

Kuanguka maana yake nini kwa mtu wa Ekero? Tuseme mama fulani amepanda matatu kwenda Kakamega na gunia la mboga. Jioni hiyo trela la miwa limeachwa barabarani bila taa, na sote tuliokulia huku kwenye miwa tunalijua trela hilo. Matatu inaliingia kwa nyuma. Mama anavunjika nyonga.

Kwanza ni polisi: abstrakti, yenye namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Kisha hospitali. Kisha wakili, ambaye lazima aiarifu kampuni ya bima kuhusu kesi ndani ya muda uliowekwa na sheria, la sivyo kampuni ina njia ya kuruka. Anamshtaki mwenye gari. Miaka inapita. Anashinda. Kampuni isipolipa, inabidi afungue kesi ya pili, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe, kuomba korti itamke kwamba hukumu ile ya kwanza ni deni lake.

Sasa weka kuanguka kwa kampuni popote kwenye mstari huo. Msimamizi wa kisheria anateuliwa, na mara nyingi jambo lake la kwanza ni kutangaza kwamba madai yote yasimame. Kwenye karatasi, usimamizi huo ni kama kumlaza mgonjwa hospitali: madaktari wanamwangalia, akipona anarudi kazini. Kwa wengi umekuwa friji la mochari. Mgonjwa hasogei, haozi, na jamaa hawaruhusiwi kuzika.

Mama akichoka kusubiri, anamgeukia mwenye gari, maana hukumu bado ni ya mwenye gari. Dalali anakuja kuchukua matatu. Naye mwenye matatu anapiga kelele, na kelele yake ni ya haki: nililipa stika kila mwezi, serikali ndiyo iliyoniambia kampuni hii ina leseni! Baada ya United kuanguka, wenye magari, wakiongozwa na Kensilver Express, walienda Mahakama Kuu kuomba kesi dhidi yao zisimamishwe. Unaelewa kwa nini. Lakini kila kesi inayosimamishwa kumlinda mwenye gari ina mtu mwenye magongo upande wa pili. Watu wawili waliodanganywa na kampuni moja wanabaki kung'ang'aniana blanketi moja.

Na bili ya hospitali haisimami. Inalipwa na nani? Na harambee. Na grupu ya WhatsApp yenye jina la mgonjwa na neno "appeal". Na chama cha akina mama, na kanisa au msikiti, na kijana aliye Nairobi anayetumiwa ujumbe usiku. Ikifika mbaya zaidi, na kamati ya matanga. Deni la kampuni iliyoanguka halikuyeyuka, lilihamia kwa majirani. Nadhani ndiyo sababu Nairobi haikuona haraka: sisi ni wazuri sana wa kuchanga. Tumekuwa mfuko ule ulioachwa Uingereza mwaka wa 1946, bila ofisi na bila kushukuriwa.

Mfuko wa robo asilimia

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka wa 2004 serikali iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, PCF. Anayenunua bima anakatwa robo ya asilimia moja, kampuni nayo inatoa kiasi hicho hicho. Kampuni ikifa, mfuko unalipa madai. Mwaka wa 2006 sheria ilirekebishwa, na 2007 Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, ikaanza kazi nje ya idara ya wizara. Mtaji wa lazima ukapandishwa, na kufikia sheria ya fedha ya 2015 kampuni ya bima za kawaida ilitakiwa kuwa na angalau shilingi milioni 600, au zaidi kulingana na hatari iliyobeba.

Hizo ni hatua za kweli. Tatizo ni kipimo. PCF ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa mdai. Yule mama wetu akiwa na hukumu ya milioni moja na laki mbili, anabaki na shimo la laki tisa na nusu.

Linganisha na London. Lloyd's ni soko la bima maalum lililoanzia kwenye mkahawa wa Edward Lloyd mwishoni mwa miaka ya 1600, ambapo matajiri walidhamini meli. Mwaka wa 1923 mmoja wao, Stanley Harrison, alipatikana amedhamini mikopo ya magari kuliko uwezo wake, huku vitabu vyake vikificha ukweli. Wenzake wangeweza kusema hiyo ni shida yake. Badala yake walichanga wakalipa deni lake lote, na kufikia mwaka wa 1927 walikuwa na mfuko wa pamoja wa kudumu. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walijua mmoja akikosa kulipa, jina la soko zima limekwisha. Na kwa kuwa sasa hasara ya mmoja ni ya wote, kila mmoja ana sababu ya kumchungulia jirani yake.

Hilo ndilo Kenya haijalipata. Kampuni ya PSV ikianguka, kampuni kubwa hazipotezi usingizi wala pesa nyingi. Zilishatoka sokoni kitambo.

Na abiria hewa je?

Ukiwauliza wenye kampuni za bima watakuambia hawakuuawa na ulafi wao bali na wizi. Wana hoja. Ajali ya gari la 14 imewahi kuzaa wadai kuliko viti. Kuna mtandao wa watu wanaofika kwenye ajali kabla ya ambulensi, wakitafuta sahihi si majeruhi. Ndiyo maana kukaundwa kitengo cha polisi cha kuchunguza ulaghai wa bima.

Bunge nalo lilijaribu dawa kali. Mwaka wa 2013 lilipitisha jedwali la fidia: kidole asilimia hii, mguu asilimia ile. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ikasema sehemu kubwa ya mpango huo inapingana na Katiba. Wengine walisema mawakili walikuwa wanalinda tumbo lao. Inawezekana. Lakini angalia dawa yenyewe ilivyolenga: ilimpunguzia aliyevunjika mguu. Ulaghai ni sababu ya kupeleleza madai, si sababu ya kushusha bei ya mguu wa kila mtu.

Juzi tu

Mwaka wa 2024 historia ilirudi. Julai, S.K. Macharia, mwenye Royal Media, alitangaza kwamba Directline, kampuni kubwa kuliko zote kwenye bima ya PSV, imesimamisha kazi. IRA ikajibu kwamba tangazo hilo halina nguvu na kwamba bima zake bado ni halali. Kwa muda, maelfu ya matatu zilikuwa barabarani zikibeba stika ambayo mmoja anasema imekufa na mwingine anasema iko hai. Abiria wangapi walijua? Agosti ikawa zamu ya Invesco, ile iliyofufuliwa. Safari hii ni kufilisiwa, na wenye magari wakaambiwa watafute bima kwingine.

Wakati huo stika yenyewe ilikuwa imeshakuwa ya kidijitali. Askari anaweza kuichunguza kwa simu, na karatasi feki zimekuwa ngumu kuuza. Ni vizuri. Ila tazama tena tumekagua nini: kwamba stika ni halisi. Stika halisi ya kampuni isiyo na pesa ni ahadi halisi ya uongo.

Na zamu inayokuja ni ya boda boda. Neno hilo limezaliwa huku kwetu magharibi, kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia. Pikipiki zilipoondolewa kodi miaka ya 2007 na 2008, zikajaa kila steji, Ekero ikiwemo. Sheria inazitaka ziwe na bima ile ile. Wenye kuziendesha wanaiona kama kodi ya polisi, na kwa historia hii niliyoeleza, nitawaambia nini? Kwamba kampuni italipa?

Ningependa kuweza kuwaambia hivyo. Kinachohitajika si siri. IRA iweke wazi, kwa lugha tunayoisoma, kila kampuni ya PSV imelipa madai mangapi mwaka huu na inadaiwa mangapi. Kikomo cha PCF kipandishwe kifanane na hukumu za kweli. Na kila kampuni yenye leseni ya kuuza bima ya magari Kenya, hata ile inayochagua Mercedes za Karen pekee, ichangie hasara ya matatu, ili nayo ipate sababu ya kuchungulia kwa jirani.

Mpaka siku hiyo, ukipanda gari hapa Mumias, piga picha ya stika. Ukiumia, au akiumia mtu wako, andikeni jina la kampuni kabla abstrakti haijapotea, na mtafute wakili mapema, kwa sababu siku za kuiarifu kampuni ni chache. Halafu mwulize wakili lile swali ambalo askari haulizi.